Kingamwili "Zilizopunguzwa": Mtego kwa Mfasiri

Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi aliandika: "Kingamwili za mama zilipunguzwa kwa kemikali kabla ya kupimwa." Sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo, msomaji ataelewa kwamba idadi ya kingamwili ilishuka, na hilo silo lililotendeka maabara.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huziunda ili kunasa vijidudu na vitu vingine vigeni. Ile iliyo nyingi zaidi katika damu, yaani IgG, ina umbo la herufi Y na imeundwa kwa minyororo minne: miwili mizito na miwili myepesi. Minyororo hiyo huunganishwa na vifungo vya salfa, yaani atomu mbili za salfa zilizoshikana. Kemikali kama merkaptoethanoli huzipa atomu hizo elektroni na haidrojeni, nazo huachana. Tendo hilo wanakemia wa Kiingereza huliita kwa neno lile lile litumikalo kwa kupunguza bei. Asili ya neno ni Kilatini, lenye maana ya kurudisha: mawe ya madini yalirudishwa kuwa metali kwa kuondolewa oksijeni. Kwa hiyo hakuna idadi inayopungua hapa. Elektroni, kwa hakika, huongezeka!

Ni kwa njia hii Gerald Edelman wa Marekani alionyesha mwaka 1959 kwamba kingamwili ni minyororo kadhaa, wala si mmoja. Mwaka 1972 yeye na Rodney Porter wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobeli.

Je, kingamwili iliyofunguliwa vifungo huendelea kufanya kazi? IgG ikifunguliwa kwa kiasi kidogo bado huweza kushika kitu kigeni, kwa kuwa minyororo hushikiliwa na nguvu nyingine pia. Lakini uwezo wake wa kuamsha komplementi, kundi la protini za damu zinazosaidia kuua vijidudu, hudhoofika. IgM ni tofauti. Hii ni kama Y tano zilizofungwa pamoja. Vifungo vikikatika, kila Y huenda zake, na uwezo wa kushikamanisha chembe nyekundu za damu hupotea.

Hapo ndipo sentensi ya mwanafunzi inapokuwa nzito. IgG huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, IgM haivuki. Maabara hutia dithiothreitoli katika majimaji ya damu ya mama mjamzito. Chembe nyekundu zikiendelea kushikamana, IgG ipo, na huenda mtoto yumo hatarini. Mama akisomewa kwamba kingamwili zake "zilipunguzwa", atarudi nyumbani akidhani ametibiwa.

Kwa maoni yangu, ingefaa kuandika: "Vifungo vya salfa vya kingamwili vilifunguliwa kwa kemikali." Ni maneno mengi, nakiri. "Reduksheni" inafaa katika kitabu cha kemia, ambako mwanafunzi amekwisha kufundishwa maana yake, lakini si katika karatasi ya majibu ya hospitali.