Je, Wajua? Rejeta Baridi Huenda Imejaa Hewa Tu

Je, wajua kwamba rejeta ya kupasha chumba joto ikiwa moto chini na baridi juu, mara nyingi haijaharibika? Hewa imenasa humo na kuyazuia maji ya moto yasipande. Katika nyumba nyingi za Uingereza, tiba yake ni ufunguo mdogo tu. Zima boila, subiri rejeta ipoe, kinga kitambaa chini ya vali ya juu pembeni, kisha ilegeze taratibu kwa ufunguo huo, nusu mzunguko. Hewa itatoka ikilia “sss”. Maji yakianza kuchuruzika, kaza upesi. Tazama pia geji ya boila: mfumo ukiwa baridi, presha kwa kawaida huwa bar 1 hadi 1.5. Rejeta ikiwa baridi chini badala ya juu, shuku tope jeusi la kutu. Hapo mwite fundi.