Kitenzi cha Kikamba na Kipimo cha Siku

Mtu akisema "nilikuja", hujui kama alikuja leo asubuhi au miaka kumi iliyopita. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo: "I came" hubeba yote mawili, mpaka msemaji aongeze "leo" au "jana". Kitui na Makueni, nchini Kenya, wanakozungumza Kikamba, mambo ni tofauti. Huko kitenzi chenyewe hutaja siku.

John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alizipanga njeo za Kikamba, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati, katika kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy. Alihesabu tisa. Aliyefika sasa hivi husema ninauka. Aliyefika mapema leo husema ninukie. Wa jana husema nininaukie, na wa juzi kurudi nyuma, ninookie. Tendo ni lile lile la kuja. Umbo la kitenzi ndilo linalogeuka. Kwa hiyo katika baraza la chifu, shahidi wa kesi ya mbuzi aliyeibwa akisema tu kwamba mshukiwa alikuja, wazee hawana haja ya kumuuliza kama ilikuwa leo, jana au kabla ya hapo.

Kikamba hakiko peke yake. Kikuyu, Kiganda na Kihaya pia hutenganisha wakati uliopita kwa umbali. Kiswahili, ndugu yao, kinatosheka na -li-.

Ubishi ulizuka kuhusu wakati ujao. Njeo ya mbali kabisa aliyoitaja Mbiti ilifikia kama miezi sita mbele, naye akahitimisha kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Mwaka 1987 mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alimpinga kwa kutumia mifano ya Waakan, jamii ya huko.

Sarufi ya Kiingereza pia inatia shaka hitimisho hilo. Kitenzi chake hakina umbo la wakati ujao hata moja; huazima "will", neno lililoanza kwa maana ya kutaka. Wanaisimu wanaeleza kuwa -ta- ya wakati ujao katika Kiswahili nayo ilitokana na "taka". Hata hivyo, Waingereza hukopa fedha za nyumba na kuzilipa kwa miaka 25.

Sarufi humlazimisha msemaji kutaja jambo fulani. Haimkatazi kuwaza jingine. Mkulima wa Makueni anayepanda mwembe leo anajua atasubiri miaka kadhaa kabla ya kuchuma, na anaupanda.