Kodi ya Gitaa Hujulikana kwa Sikio

Likitajwa neno kodi, mwenye nyumba huchangamka na mpangaji hununa. Wapiga gitaa nao wana kodi yao, wala hailipwi kwa mtu. Ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja zikawa kitu kimoja. Walioimba kwaya kwa solfa wataelewa upesi: do, mi na so ni kodi moja, fa, la na do ni ya pili, so, ti na re ni ya tatu. Nyimbo nyingi za gitaa zilizorekodiwa Afrika Mashariki na Kongo katika miaka ya 1950 na 1960 hutembea juu ya hizo tatu tu.

Vijana huniuliza, mtu atazijuaje bila ya kuandikiwa? Wengi wa waliotutangulia hawakuandikiwa. Walikaa mbele ya santuri na redio, wakarudia hata vidole vikafuata sikio. Njia yao ingalipo.

Kwanza, ziache sauti za juu, ufuate besi. Hiyo ndiyo msingi wa nyumba, na aghalabu huitaja sauti inayoibeba kodi. Iimbe kwa mdomo kabla hujagusa uzi, kwani kisichotoka kinywani hakijaingia sikioni.

Pili, tafuta kwao wimbo. Sisi washairi twalijua jambo hili. Katika mshororo wa mizani 16, sikio hukingoja kina kabla hakijatamkwa. Kikikosekana, hata asiyejua kusoma hunung'unika. Kodi ya do ndiyo kina cha mwisho: wimbo ukifika hapo, umetua. Ya fa ni mtu aliyetoka barazani, hajafika mbali. Ya so humwacha msikilizaji akining'inia. Ukiitia fa ndani yake, hamu ya kurudi nyumbani huzidi.

Tatu, sikiliza sauti ya katikati. Kutoka do hadi mi ni nusu-sauti 4, na kodi huwa changamfu. Ishushe mi ili zibaki 3, na kodi ile ile huvaa majonzi.

Aliyezizoea hizo na amsikilize Fundi Konde, mwana wa pwani yetu aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000. Gitaa lake halikuridhika na kodi tatu. Lina ladha ya jazi, na atakayeitafuta atakesha.

Lakini sikio lililofunzwa kwa kodi peke yake lina hatari yake, na hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Katika mazoezi ya harusi mjini Mombasa nilimsikia kijana wa kinanda akimwambia mwimbaji mkongwe wa taarab, "Bibi, sauti yako imeshuka."

Yule bibi akamjibu, "Haikushuka, mjukuu wangu. Ndipo pake."

Bibi alikuwa akiimba katika maqamu ya Rast. Sauti ya tatu ya Rast haiko kwenye nusu-sauti 4 wala 3. Iko baina yake. Gitaa lenye vyuma shingoni halina mahali hapo, wala kinanda cha kawaida. Udi na fidla, zisizo na vyuma, hupafikia kwa kidole. Sisi tuliopita chuoni tulizisikia sauti hizo katika kisomo tangu utotoni, kabla ya kuyajua majina yake.

Kijana yule si mjinga. Aliisikia tofauti, na hilo ni sikio kali. Kilichopungua ni kipimo: alipima nguo kwa kibaba. Mambo yakienda hivyo, waimbaji wetu wa Rast na Bayati watanyamazishwa mmoja mmoja kwa kuambiwa wamekosea, na watakaowanyamazisha ni wajukuu wao wenyewe.

Viko vinanda vya umeme vinavyoweza kushusha sauti kwa robo. Chombo lakini hakijui kishushe ipi, wala lini. Ajuaye ni mpigaji, naye hujua kwa kusikia.

Basi, vijana, jifunzeni kodi tatu, kisha ya nne na ya tano. Na siku moja katika juma kifunikeni kinanda, mkakae kwa wakongwe wenye kuimba, mrudishe sauti kama wanavyoitoa. Koo hizo hazina vipuri.