Kondoo wa Udhiya Aliyevunjika Mguu

Katikati ya Mfunguo Mosi, kondoo dume tuliyemnunua kwa michango ya waumini kwa ajili ya udhiya alitumbukia katika mtaro wa shamba la msikiti, akavunjika mguu wa mbele. Katika kamati yetu wapo waliotaka achinjwe siku ile ile, nyama igawiwe, maneno yaishe. Sisi tuliona vingine. Mfupa ulivunjika chini ya goti, ngozi haikupasuka, na mvunjiko wa namna hiyo kwa kondoo huunga vizuri. Lau lingekuwa paja, au mfupa umechomoza nje, tusingethubutu kugusa bila daktari wa mifugo. Pengine kisu ndicho kingekuwa huruma.

Mzee mmoja jirani, mfugaji tangu ujanani, ndiye aliyetuelekeza. Tuliunyoosha mguu taratibu, tukauzungushia pamba nene, kisha tukaufunga kwa bandeji kati ya vipande viwili vya bomba la maji lililopasuliwa kwa urefu. Banzi lilianzia juu ya goti likateremka hadi kwenye ukwato, ncha yake tukaiacha wazi. Wengi hukosea hapa: hufunga pale palipovunjika tu, viungo vya juu na chini vikaendelea kucheza, na mfupa usiunge.

Nasi tulikosea kwa namna yetu. Siku ya tatu tulikuta ukwato wa baridi na mguu umevimba juu ya kifungo, tulikaza mno. Tukafungua, tukaongeza pamba, tukafunga upya, na tangu hapo kila baada ya swala ya alfajiri mmoja wetu alikwenda kuupapasa ukwato ule. Tulimweka katika zizi dogo, kavu, pamoja na mwenziwe mmoja, maana kondoo akitengwa huhangaika. Bwana mifugo alimchoma sindano ya maumivu, akatutajia siku za kungoja kabla nyama yake haijafaa kuliwa. Tuliziandika katika daftari la kamati.

Baada ya wiki sita banzi lilitolewa. Alitembea, ila kwa kuchechemea. Hadithi ya al-Baraa bin Azib inataja wanyama wanne wasiofaa kwa udhiya, mmojawapo ni kiwete ambaye ulemavu wake uko dhahiri. Imamu alimtembeza uani mara mbili, akatikisa kichwa. Tukachangishana tena, si bila manung'uniko, tukanunua mwingine.

Yule wa kwanza yungali zizini, anachechemea kidogo, na kwa majani hakuna anayemtangulia.