Kuhesabu Mabao na Yasiyokuwa Mabao

Tarehe 18 Machi mwaka 1950, katika uwanja wa klabu ya Swindon Town nchini Uingereza, afisa wa jeshi la anga aitwaye Charles Reep, ambaye elimu yake ilikuwa ya uhasibu wala si ya mpira, alichoshwa na kipindi cha kwanza kilichojaa mashambulizi yasiyozaa kitu, na kipindi cha pili kilipoanza akatoa daftari na kalamu, akawa anaandika kila shambulio: lilianzia wapi, lilikuwa na pasi ngapi, na likaishia nini. Kazi hiyo aliiendeleza kwa miongo kadhaa. Alibuni alama zake mwenyewe, akahudhuria mamia ya mechi, na fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1958 akainakili juu ya bunda la karatasi ya kupambia kuta. Hakuna chuo kilichomtuma. Katika habari za watu waliojitolea kuuchunguza mchezo ili waalimu wafundishe vizuri zaidi, sijui mfano unaomfaa mwalimu wa leo kuliko huu, kwa sababu ya bidii ya mtu yule, na zaidi kwa sababu ya kosa lake.

Mwaka 1968, akishirikiana na mtakwimu Bernard Benjamin, Reep alichapisha makala iliyoonyesha kwamba takriban mabao manane katika kila kumi hutokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Kwake yeye maana ya hesabu hiyo ilikuwa dhahiri: pasi nyingi ni israfu, na timu yenye akili huupeleka mpira mbele upesi. Waalimu wengi wa Uingereza waliipokea dhana hiyo kama yakini. Walakini ndani ya daftari lile lile mlikuwamo hesabu ya pili, nayo ni kwamba zaidi ya mashambulizi tisa katika kila kumi hufa kabla ya pasi ya nne. Tufanye kuwa yamepigwa mashambulizi 1,000, 915 mafupi na 85 marefu, na kwamba yamezaa mabao 10, manane kwa mafupi na mawili kwa marefu. Hapo bao moja la shambulio fupi limegharimu takriban majaribio 114, na la shambulio refu takriban majaribio 42 tu. Ni kama mvuvi aliyetosa mishipi kumi, tisa ina chambo cha ngisi na mmoja una dagaa, akaopoa samaki wanane kwa ngisi na wawili kwa dagaa, kisha akarudi pwani akiusifu ngisi.

Mwaka 2005 Mike Hughes na Ian Franks, baada ya kuzipitia mechi za Kombe la Dunia za mwaka 1990 na 1994, waliyagawa mabao kwa idadi ya mashambulizi yenyewe, wakaona kwamba yale marefu huzaa zaidi. Insafu inataka niongeze kuwa waliona pia jambo la kumtetea Reep kidogo: mashuti ya shambulio fupi yalikuwa na bahati kubwa zaidi ya kuingia langoni.

Mwenzake Reep wa zama zile, mwalimu wa mbio Arthur Lydiard wa New Zealand, alikuwa fundi wa viatu asiye na shahada yoyote, naye hakuwa na takwimu za kujivunia. Alichokuwa nacho ni miguu yake. Alikimbia masafa madogo, kisha makubwa kupita kiasi, akajitaabisha mpaka akajua mwili unapofaidika na unapodhoofika, na mwisho akatulia karibu na maili 100 kwa wiki, kawaida aliyowapa wanafunzi wake. Tarehe 2 Septemba mwaka 1960, katika Olimpiki ya Roma, wawili miongoni mwao, Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000, walitwaa dhahabu alasiri moja. Lydiard alikuwa amejaribu hata ile njia ambayo baadaye aliikataa. Reep hakuiuliza njia aliyoikataa swali lolote.

Mwalimu wa timu ya mtaani atasema kwamba yeye huona kwa macho yake. Franks huyo huyo, pamoja na Gary Miller, waliwapima waalimu wa mpira mwaka 1986 kwa kuwauliza yaliyotokea katika mechi waliyotoka kuitazama, na majibu sahihi hayakufikia nusu. Daftari basi halina budi. Ikiwa mwalimu anashuku kwamba kona fupi zinamfaa kuliko ndefu, na aandike kona zote, zilizoambulia patupu zikiwa za kwanza kuandikwa, maana ndizo zinazosahaulika upesi. Na aamue kabla ya mechi nini kitahesabiwa kuwa kona fupi, kwa kuwa anayeamua baada ya bao huamua kwa furaha. Kalamu asiishike yeye, wala msaidizi wake anayejua jibu linalotarajiwa. Ampe mchezaji majeruhi aliyeko benchi, asimwambie anatafuta nini, na daftari asilifungue mpaka msimu uishe, kwani kona za mechi tatu ni chache mno kumthibitishia mtu lolote.