Umri ni kitu kimoja, ngazi ni kingine: mafunzo ya watoto wa jimnastiki kwa watu wa mine



Kwetu Kilwa, tangu Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, mtoto wangu msichana wa miaka 11 na wenzake wanacheza na utepe mu lupango. Waliona wale wasichana ku televisheni ya jirani, wakakata kitambaa, wakafunga ku kijiti. Siku moja akaniuliza: «Papa, wale walianzia wapi? Na mimi niko niveau gani?» Nikatafuta kujua, na nikakuta maneno yenye kutufaa sisi wote tunaotumika mu mine.

Mchezo ule unaitwa jimnastiki ya mdundo, kwa Kifaransa gymnastique rythmique. Uliingia ku Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na pale ni wa wasichana tu. Msichana anaingia juu ya zulia la metre 13 kwa 13, anacheza na muziki kwa dakika moja na nusu hivi. Ku mkono iko pete kubwa, ao mpira, ao marungu mawili, ao utepe wa metre 6. Kuko pia wenye kucheza kwa kikundi cha watu 5.

Sasa tuje ku ngazi. Kuko vitu viwili, na havichanganywi.

Cha kwanza ni umri. Ku mashindano ya dunia, junior ni wa miaka 13 mpaka 15. Kuanzia 16 ni senior.

Cha pili ni ufundi. Mu inchi nyingi, chini kabisa watoto wote wanafanya mchezo mmoja ulioandikwa, mara nyingi na mikono mitupu, ili wapimwe na kipimo kimoja. Mwenye kupita anapewa chombo. Kule juu, mwalimu anatunga mchezo yeye mwenyewe, lakini sheria inamwambia lazima mtoto aruke, azunguke, asimame ku mguu mmoja bila kuyumba. Juu ya wote ni wale wa équipe ya taifa. Basi mtoto wa miaka 15 anaweza kuwa ngazi ya chini, na wa miaka 10 amemupita. Miaka peke yake haipandishi mtu.

Ba ndugu, hapo njo nilikumbuka kazi yetu. Ancienneté ni miaka. Catégorie ni kazi unayojua na unayofanya: manœuvre, semi-qualifié, qualifié, hautement qualifié, mpaka maîtrise. Mimi, ku kampuni moja ya zamani, niliendesha mashine miaka mine, na fiche de paie ikaendelea kuniita manœuvre. Nilipouliza, kapita akasema: «Ngojea, miaka yako haijatosha.» Mimi nilimuuliza ufundi, yeye akanijibu umri!

Kule ku jimnastiki waamuzi wanagawana kazi. Wamoja wanahesabu ugumu, wengine wanaangalia namna mchezo unafuata muziki, wengine wanatafuta makosa. Kwa muziki na kwa makosa wanaanzia 10, halafu wanapunguza: utepe ukifunga fundo, wanatoa, mpira ukianguka, wanatoa. Na kama mwalimu anaona hesabu ya ugumu si sawa, anaweza kufanya réclamation palepale. Kazi ya délégué ni ile ile.

Lakini tusidanganye watoto, ngazi ile ni kali. Paris walicheza 24 tu wenye kushindana peke yao, toka dunia mzima. Mashindano ya Afrika yalitoa nafasi moja kwao, na Aliaa Saleh wa Misri akaichukua. Kuko na mlango mwingine mdogo, wa mwaliko kwa inchi zenye wanamichezo wachache. Mu mlango ule njo Elyane Boal wa visiwa vya Cap-Vert alipita kwenda Rio mwaka 2016.

Hapa Kilwa hatuna zulia lile wala mwalimu wake. Lakini Code minier ya 2018 inaomba kila kampuni ya mine itoe asilimia 0,3 ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya wakaaji, na iandikiane nao cahier des charges. Siku ya mkutano tunaomba maji, masomo na dispensaire, na ni haki. Tuombe pia nafasi ya michezo na mwalimu, ya wasichana vilevile, si uwanja wa mupira tu. Mtoto hawezi kupanda ngazi kama hakuna ya kwanza.

Nilimujibu mtoto wangu hivi: «Kwa umri, junior bado. Kwa ufundi, uko ku ngazi ya kwanza, ya mikono mitupu, na ile haina bei.» Halafu tukapima utepe wake: metre 2. Imebaki 4.

Na wewe ndugu, leo jioni toa fiche de paie yako, usome mstari wa catégorie. Kama haifanani na kazi ya mikono yako, mwone délégué wako mbele mwezi uishe.