Je, Wajua? Mbinga hadi Ziwa Nyasa kwa Nauli ya Basi Dogo

• Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, ni kilomita zipatazo 66 tu, tena za lami. Asiye na fedha nyingi hupanda basi dogo asubuhi, mchana yuko ufukweni.

• Ukae dirishani! Miteremko ya Umatengo, eneo la Wamatengo wa Mbinga, imejaa ngoro, mashimo yaliyopangwa safu kwa safu kama sega la nyuki. Wamatengo hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatizana, huzifukia kwa udongo, kisha hupanda maharage au mahindi kwenye kingo. Maji ya mvua hutuama shimoni, udongo hauporomoki.

• Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na hakuna ziwa duniani linalolishinda kwa wingi wa aina za samaki. Mbuna, wale wadogo wenye rangi kali, ughaibuni hufugwa kwenye matangi ya vioo. Huku utawaona bure miambani. Usiogelee penye matete na maji yaliyotuama: kuna kichocho.

• Agosti 1914, huko Liuli, kando ya ziwa hili, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani. Ni miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza.

• Njaa ikibana, agiza usipa, dagaa wa ziwa hili, kwa ugali wa muhogo. Ukitaka kuendelea hadi Kyela, ipo meli ya MV Mbeya II. Uliza ratiba bandarini kabla ya kufunga mizigo.